Ufuta wa Kibiti: Jicho la mashine halilipi bila mnada wa madaraja

Kadiri msimu wa ufuta unavyokaribia katika Mkoa wa Pwani, mazungumzo ya wafanyabiashara wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri hurudi kwenye mambo matatu: bei ya mnada wa kwanza, unyevu na makato ya taka. Hayo mawili ya mwanzo hupigiwa kelele. La tatu huwatafuna wengi kimya kimya. Mchanga, vijiti, makapi na punje zilizooza hupanda mizani pamoja na ufuta, lakini hakuna mnunuzi wa China, Japani au Uturuki anayekubali kuzilipia. Lazima awepo mtu wa kubeba hasara hiyo, na mara nyingi ni yule aliye mbali zaidi na bandari: mkulima na mnunuzi mdogo.

Dawa inayotajwa ni mashine ya kuchambua nafaka kwa rangi, ile yenye kamera inayoitazama kila punje ikianguka na kuitupa mbaya kwa pumzi ya hewa. Wakoboaji wa mpunga na kahawa wanaifahamu. Kwa mwenye mtaji wa wastani, au kwa vyama vya msingi vya ushirika vikiunganisha nguvu, wazo la kuiweka Kibiti lina mvuto mkubwa. Usafishaji wa mwisho ukifanyika Dar es Salaam au ng'ambo, faida yake hubaki huko huko.

Mashine hiyo ni nzuri na inafanya kazi. Hata hivyo, atakayeinunua kwa kuamini kwamba jicho peke yake ndilo linaloleta fedha ataumia. Kinacholeta fedha ni ufupi wa safari kutoka kuona hadi kutenda. Safari hiyo iko mara mbili: kwanza ndani ya mashine, na pili katika mnada. Ya kwanza mafundi wamekwisha kuitatua. Ya pili bado iko mikononi mwa wenye mali wenyewe.

Punje moja, sehemu ya elfu ya sekunde

Ni vema mwekezaji aelewe anachokinunua. Ufuta humiminwa kwenye pipa la juu la mashine, ukapita kwenye trei inayotikisika ili usambae, kisha ukateremka juu ya bati lenye mteremko mkali. Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa kwa urefu wa mita 1 hufikia mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde. Bati hupunguza mwendo huo kidogo. Kwa hesabu nyepesi, ichukuliwe mita 4.

Punje ya ufuta ina urefu wa milimita 3 hivi. Kwa mwendo huo inapita mbele ya kamera kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kamera ya kawaida ya kupigia picha za harusi haifai kazi hiyo. Inayotumika husoma mstari mmoja mwembamba wa mwanga, tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na kompyuta huiunganisha mistari hiyo kuwa picha ya kila punje. Taa huwekwa mbele na nyuma, na kioo cha nyuma hupewa rangi inayofanana na ya punje nzuri. Hivyo punje nzuri hupita kana kwamba haipo, na mbaya hujitokeza.

Kuona ni nusu tu ya kazi. Chini ya mstari wa kamera kuna safu ya vitundu vya hewa. Ikiwa vitundu hivyo viko sentimita 10 chini ya kamera, punje itavifikia baada ya sehemu 25 za elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo kompyuta lazima iamue, itume amri, vali ifunguke, na hewa itoke. Ikichelewa kwa sehemu moja tu ya elfu, punje imeshasogea milimita 4, yaani zaidi ya urefu wake. Hewa itampiga jirani. Punje mbaya itaingia kwenye gunia la ufuta safi, na nzuri itatupwa.

Madereva wa Barabara ya Kilwa wanalijua jicho la namna nyingine: tochi ya askari wa usalama barabarani. Tochi ya leza hutuma mapigo ya mwanga kwenye gari, hupima muda wa kwenda na kurudi, na kutokana na jinsi umbali unavyobadilika hutoa mwendo wa gari. Lakini tochi haina haraka. Ikishaandika kilometa 85 katika eneo la kilometa 50, faini inaweza kungoja. Mashine ya ufuta haiwezi kungoja. Hukumu inayokuja baada ya punje kupita ni sawa na hakuna hukumu.

Somo lililomo deltani

Delta ya Rufiji yenyewe iliwahi kushuhudia gharama ya jicho linaloona vizuri lakini habari yake ikakosea njia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa katika Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya delta. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Kuigundua hakukuwasaidia sana. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye mito yenye kina kifupi, na zikiwa baharini hazikuweza kuiona kwa sababu ya miti.

Königsberg ilikuwa imesimama. Kilichokuwa kikienda kasi ni makombora. Ili kurekebisha shabaha, ilibidi mtu aone kila kombora limeangukia wapi na habari ifike kwa mpigaji kabla hajapiga lingine. Kwa hiyo Waingereza walileta vitu viwili: meli za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege zilizoruka kutoka Kisiwa cha Mafia zikiwa na watazamaji wenye redio.

Tarehe 6 Julai 1915 meli hizo mbili ziliingia mtoni na kufyatua makombora zaidi ya 600. Macho yalikuwepo angani na redio ilikuwepo. Lakini meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji alishindwa kutambua kombora lipi ni la Severn na lipi ni la Mersey. Siku iliisha Königsberg ikiwa bado inaelea, huku Mersey ikiwa imepigwa na kupoteza watu.

Tarehe 11 Julai walirudi na mizinga ile ile kwenye delta ile ile. Badiliko kubwa lilikuwa moja: safari hii meli zisipige pamoja, bali moja baada ya nyingine. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji Arnold ilipigwa ikiwa angani, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati ndege ikishuka kuelekea mtoni, ambako wote wawili waliokolewa. Kufikia hapo Severn ilikuwa imekwisha kupata shabaha. Königsberg iliwaka moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe ili isiangukie mikononi mwa adui.

Mfanyabiashara anaweza kuichukua habari hiyo kama ilivyo. Macho hayakuongezeka kati ya tarehe 6 na 11. Kilichopunguzwa ni msongamano, na jicho likapata kujua linatazama nini.

Msongamano huo huo ndio unaoharibu kazi kwenye mashine ya ufuta. Mwenye mashine anayetaka kumaliza foleni ya magunia hufungulia pipa kupita kiasi. Punje hushuka zikiwa zimelaliana. Kamera huona doa lakini haliwezi kutengwa na punje ya jirani, na hewa hupuliza zote mbili. Uwezo wa tani kwa saa unaoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji hauna maana yoyote bila kuelezwa pia kiwango cha taka kilichokuwa kikiingia, kiwango kilichobaki, na ufuta mzuri kiasi gani uliokwenda na taka.

Hesabu ya gunia lililotupwa

Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalokula faida. Ichukuliwe hesabu ya mfano tu, wala si bei ya soko. Mfanyabiashara ana tani 10 za ufuta zenye taka asilimia 3, yaani kilo 300. Akiziuza zilivyo kwa Sh. 3,000 kwa kilo atapata Sh. 30,000,000.

Akizipitisha kwenye mashine iliyolishwa kwa pupa, ambayo kwa kila kilo ya taka inatupa na kilo moja ya ufuta mzuri, atabakiwa na kilo 9,400. Ili arudishe Sh. 30,000,000 zake, bei ya ufuta safi lazima iwe Sh. 3,192 kwa kilo. Akitozwa na ada ya mashine ya Sh. 50 kwa kila kilo iliyoingia, yaani Sh. 500,000, bei ya kumtoa bila hasara inapanda hadi Sh. 3,245.

Sasa ichukuliwe mashine ile ile ikilishwa taratibu, na uchafu uliotoka ukirudishwa kupitishwa mara ya pili, hata ufuta mzuri unaopotea ukawa kilo 100 tu. Zinabaki kilo 9,600. Pamoja na ada ile ile, bei ya kumtoa bila hasara ni Sh. 3,177. Tofauti ya Sh. 68 kwa kilo imetokana na mkono wa mwendeshaji. Ubora wa kamera haukubadilika.

Kutokana na hesabu hiyo, kila mwenye mzigo ana haki ya kudai mambo mawili: taka zote zilizotoka zipimwe mbele yake, na zirudishwe kwake akizitaka. Mwenye mashine anayekataa kuonyesha gunia la uchafu ana jambo analolificha. Huenda ni ufuta mzuri.

Aidha, mashine hii haifanyi kila kitu. Haikaushi unyevu. Kokoto yenye rangi inayokaribiana na ya ufuta inaweza kulipita jicho la kawaida. Mchanga na vijiti vinafaa kutolewa kwanza kwa chekecheke na feni, na mawe kwa mashine inayotenga kwa uzito. Anayeipa kamera kazi ya chekecheke anapoteza mali yake, kwani kila pumzi ya hewa inayotumika kutupa kijiti inaweza kuchukua na punje kadhaa nzuri.

Kikwazo ni mnada

Hata mashine ikiendeshwa vizuri namna gani, ufuta wake hulipwa na soko, na hapo ndipo penye safari ya pili. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2005, mkulima hupeleka ufuta kwenye chama chake cha msingi, unakusanywa ghalani, kisha wanunuzi hushindana kwa bei. Utaratibu huo umewapa wakulima nguvu dhidi ya walanguzi wa kangomba, na hakuna sababu ya kuubomoa.

Lakini utaratibu wa kukusanya una tabia moja. Ufuta wa mkulima aliyetandika turubai na ule wa aliyepura juu ya mchanga ukikaa kwenye rundo moja, mnunuzi mwenye busara hutoa bei ya rundo. Hawezi kulipia usafi asioweza kuutenga. Aliyesafisha anamsaidia aliyechafua, na mwaka unaofuata hata yeye hatandiki turubai. Katika hali hiyo, kuweka mashine ya kamera Kibiti ni kununua jicho na kulifunga kitambaa. Jicho linajua punje ipi ni nzuri, lakini habari hiyo haimfikii mnunuzi kabla hajaandika bei.

Kwa zao la korosho wenyeji wa Pwani wamezoea kusikia daraja la kwanza na daraja la pili, na bei mbili. Mkulima anaelewa kwa nini jirani yake amelipwa zaidi. Ufuta unahitaji utaratibu wa wazi kama huo. Mzigo uliochambuliwa upewe namba yake, ukae kwenye sehemu yake ya ghala, sampuli yake ichukuliwe mbele ya pande zote mbili, na kiwango cha taka kiandikwe kwenye orodha ya mnada kabla ya mnada kufunguliwa. Cheti kinachotoka wiki moja baada ya mauzo kinamfaa mtunza kumbukumbu. Mkulima amekwisha kulipwa bei ya rundo.

Wapo watakaopinga kwamba wasafirishaji wana mashine zao na watasafisha upya hata wakipewa ufuta safi, kwa hiyo hawataongeza senti. Hoja hiyo ina uzito na isipuuzwe. Jibu lake linapatikana kwa kujaribu: mzigo mmoja uliochambuliwa na mmoja usiochambuliwa, kutoka ghala moja, vikipelekwa katika mnada mmoja. Tofauti ya bei ikiwa chini ya ile ya kumtoa mtu bila hasara, basi fedha ziende kwenye maturubai na machekecheke, ambayo hurudisha mtaji wake haraka zaidi. Ikiwa juu, vyama vitakuwa na ushahidi wa kupeleka benki.

Umeme, vumbi na miezi ya kukaa bure

Yapo mambo mengine matatu ambayo mwekezaji mdogo hana budi kuyapigia hesabu.

La kwanza ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa juu ya Mto Rufiji huu huu na lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata hivyo, mashine haili megawati za bwawa. Inakula umeme unaofika kwenye soketi ya ghala. Umeme ukishuka, kompresa hupoteza nguvu, hewa hutoka dhaifu, na punje mbaya hupita ingawa kamera imeiona. Kifaa cha kutuliza umeme na tangi kubwa la hewa lazima viwemo kwenye bei tangu mwanzo.

La pili ni hali ya hewa ya pwani. Hewa yenye unyevu ikisukumwa na kompresa hutoa maji, na maji huziharibu vali. Kikaushio cha hewa si anasa kwa ghala la Kibiti. Vumbi nalo hukaa kwenye vioo, na kioo chenye vumbi huiona kila punje kuwa mbaya. Kufuta vioo na kuangalia vali kila zamu ni kazi ya kijana mmoja mwaminifu aliyefundishwa, na mshahara wake ni sehemu ya gharama.

La tatu ni miezi ya kukaa bure. Ufuta huvunwa na kuuzwa kwa miezi michache katikati ya mwaka. Mashine inayofanya kazi miezi mitatu na kulala tisa haitalipa mkopo wa benki. Bonde la Rufiji ni la mpunga tangu zamani, na mchele ndiyo bidhaa inayopendwa zaidi na mashine hizi duniani. Choroko na mbaazi nazo zinachambulika. Kwa hiyo mashine ya kuchagua ni ile inayoweza kubadilishwa kutoka ufuta kwenda mchele bila kumwita fundi kutoka nje ya nchi.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Mwekezaji anayeletewa karatasi yenye picha za rangi asilipe hata malipo ya awali kabla ya kupata majibu ya maswali manne. Je, mashine itajaribiwa kwa ufuta wa Kibiti wenyewe, wenye mchanga wa Kibiti, badala ya sampuli ya muuzaji? Kwa mwendo huo wa majaribio, kilo ngapi za ufuta mzuri zilitupwa pamoja na taka? Vali za hewa na taa za akiba ziko Dar es Salaam, au zinaagizwa? Na nani atakayemfundisha mwendeshaji, kwa siku ngapi?

Swali la tano aulizwe mwenye ghala wala si muuzaji: je, ufuta uliochambuliwa utapata namba yake kwenye mnada? Jibu likiwa hapana, mwekezaji arudishe fedha zake benki akasubiri. Likiwa ndiyo, vyama viwili au vitatu vya msingi vinaweza kuanza pamoja kwa mashine ndogo, kwa ada ya kilo, kwa msimu mmoja, huku kila gunia la uchafu likipimwa hadharani.

Viongozi wa ushirika wanaweza kulifanya hilo bila kusubiri mashine yoyote. Sehemu mbili za ghala, turubai, chekecheke na orodha ya mnada yenye safu moja zaidi ya kuandika taka vinatosha kuanzia. Soko likishazoea kulipia usafi uliotajwa kabla ya mnada, mashine itajilipa yenyewe.